Nani Aliyemtelekeza?

Msimu wa majani mengi ya chai, huko Konoin au Bureti nchini Kenya, mchumaji anayelipwa kwa kilo hangoji jua lipande. Anapika uji, anautia kwenye thamosi, anamwachia binti yake wa miaka tisa mtoto mdogo, kisha anaingia shambani. Siku moto wa jikoni utakapomuunguza yule mdogo, au mwalimu akiuliza mbona dada haonekani darasani, chifu atapigiwa simu na mama ataambiwa ametelekeza watoto.

Toleo hili linahusu sheria za kuwalinda watoto, nasi tumeanza na mama huyu kwa makusudi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinamkinga mtoto dhidi ya dhuluma na kutelekezwa. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na tuliipokea kwa furaha. Lakini Katiba hiyohiyo, kwenye Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti vituo vya kulelea watoto pamoja na elimu ya chekechea. Madarasa ya chekechea tunayaona, na wawakilishi wadi hawakosi kuja kukata utepe. Lakini mtoto wa mwaka mmoja apelekwe wapi saa kumi na mbili asubuhi?

Mashamba makubwa ya Kericho yana kreshi za wafanyakazi wao. Kibarua wa mkulima mdogo, anayechuma majani ya kiwanda kama Mogogosiek au Kapkoros, hana. Na anayeondolewa kwenye kambi ya wafanyakazi na mashine za kuchuma majani, kama zile waandamanaji walizochoma moto Mei 2023, hupoteza kazi, nyumba na kreshi kwa mpigo.

Hatuwatetei makatili. Anayemnajisi mtoto, na wazee wa kokwet, baraza la kijiji, wanaotaka yaishe kwa ng'ombe, wafike kwa hakimu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimpi mzazi wala mzee mamlaka ya kuifuta kesi.

Tunachodai ni hiki: kabla ya mzazi kutiwa hatiani kwa kutelekeza, mahakama ilazimike kuuliza alikuwa na njia gani nyingine, na afisa wa watoto aandike kama wadi ile ina kituo cha malezi. Kama hakipo, kaunti iitwe ijieleze. Na fedha zinaweza kupatikana: gharama ya mbolea hukatwa kwenye malipo ya majani. Kreshi nayo inaweza kuchangiwa hivyo. Wakulima watalalamika kuwa bonasi tayari ni ndogo, na hawakosei. Basi kaunti itangulie kutoa.