Génies en herbe: sheria zisomwe mbele ya swali la kwanza

Watoto wetu wanapenda Génies en herbe, na sisi wazazi wa machimboni tunapenda kwenda kuwapigia makofi. Mchezo huo ulitoka Kanada, ambako Radio-Canada ilianza kuuonyesha mwaka wa 1972, ukafika mpaka masomo ya hapa kwetu Uvira: watoto wane upande huu, wane upande ule, kengele mezani.

Shida ni sheria, juu kila shule inakuja na zake. Katika mashindano fulani tuliyohudhuria, binti wa mchimbaji aliulizwa kasiterite inatoa madini gani. Akapiga kengele wa kwanza, akajibu: « Bati. » Mwamuzi akakataa. Upande wa pili wakasema « étain », wakapewa pointi, na timu ya binti ikatoka. Wengine wakacheka, ati bati ni la kufunika nyumba. Baba yake anayapondaponda mawe hayo kila siku!

Hatusemi Kifaransa kiachwe. Examen d'État iko kwa Kifaransa, watoto lazima wakijue. Lakini kama jibu la Kiswahili halikubaliwi, iandikwe na isomwe kwa sauti mbele watoto hawajakaa. Machimboni hatukubali mfuko upimwe kama hatujaonyeshwa mzani mtupu.

Na kengele je? Kumkatisha msomaji wa swali, shule hii inaruhusu, ile inaondoa pointi. Tena mtoto wa katikati ya mji ameizoea. Yule aliyeshuka kutoka milimani anaiona siku ile ile. Jibu analo, mkono unachelewa. Tunaomba duru ya kwanza iwe ya karatasi. Walimu wengine wanasema karatasi inaondoa utamu, na kweli, hakuna mama atakayepiga vigelegele kwa ajili ya karatasi. Basi kengele ibaki mwishoni.

Mtunga maswali naye asitoke katika shule inayoshindana. Aulize na ya kwetu pia: Ruzizi inatoka ziwa gani, Lukuga inapeleka wapi maji ya Tanganyika, Code minier ya 2002 ilirekebishwa mwaka gani. (Ni 2018, na wazazi wengi pia hawajui.)

Maprefe wakutane mbele ya trimestre ijayo, waandike sheria moja kwa shule zote. Fotokopi, sisi wa sendika tutazilipa.