Dutu Ile Ile au Dutu Mpya? Kahawa ya Oldeani na Fasili za Mabadiliko ya Maada

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili umezoea kuuliza kama neno lipo. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, swali hilo limepungua uzito. Lililobaki, ambalo ni gumu zaidi, ni la fasili: je, neno lililopo linamfikisha mwanafunzi kwenye dhana, au linamwacha njiani? Istilahi mbili za mabadiliko ya maada, yaani badiliko la kifizikia na badiliko la kikemia, zinadhihirisha tatizo hili.

Darasani, tofauti ya mabadiliko hayo hufupishwa mara nyingi kwa kanuni moja: la kifizikia hurejesheka, la kikemia halirejesheki. Kanuni hii ni nyepesi kukariri na nyepesi kusahihishia mitihani. Hata hivyo, haitoshi, na ushahidi wa kuipinga haumo maabara tu. Umo pia katika kazi za wakulima.

Uchukuliwe mfano wa Oldeani, wilayani Karatu, ambako kahawa ya arabika imelimwa tangu zama za walowezi wa kipindi cha baina ya vita vikuu viwili vya dunia. Tunda bivu humenywa kwa mashine; ganda hutengana na mbegu, lakini hakuna dutu mpya iliyozaliwa. Mbegu zenye utelezi huvundikwa. Hapo vijidudu huuvunjavunja utelezi huo, na sukari iliyomo hugeuka kuwa asidi na alkoholi: hili ni badiliko la kikemia, japo hapana moto uliowashwa. Baada ya kuoshwa, mbegu huanikwa hadi unyevu wake ushuke kufikia takribani asilimia 11 au 12. Maji yametoka yakiwa mvuke, nayo ni maji yale yale. Buni ikikaangwa katika joto la takribani nyuzi 200 za Selsiasi, sukari na asidi amino huathiriana, rangi hugeuka kuwa kahawia, gesi ya kaboni dioksidi hutoka, na huzaliwa harufu ambayo haikuwamo katika mbegu mbichi. Kisha kahawa husagwa.

Kusaga ndiko kunakoiangusha kanuni. Hakuna fundi awezaye kuurudisha unga wa kahawa kuwa buni, lakini kila chembe ya unga huo ni dutu zile zile zilizokuwamo katika buni iliyokaangwa. Badiliko ni la kifizikia, na halirejesheki. Kinyume chake huonekana katika mrututu, yaani salfeti ya shaba, ambayo ni asili ya baadhi ya dawa za ukungu zinazonyunyiziwa mikahawa. Fuwele zake za buluu zikipashwa moto hupoteza maji yaliyofungamana nazo na kuwa unga mweupe. Unga huo ukitiwa maji, buluu hurejea. Badiliko ni la kikemia, na linarejesheka.

Yafaa kuuliza kwa nini kanuni yenye dosari imekubalika kwa urahisi. Huenda sehemu ya jibu imo katika lugha yenyewe. Baadhi ya vitenzi vya Kiswahili vinavyotaja mabadiliko huja na wenzi wake: ganda na yeyuka, kauka na lowa, kunja na kunjua. Oza, chacha na ungua havina wenzi. Msemaji, basi, amekwisha kulelewa na msamiati unaopanga mabadiliko kwa kigezo cha kurejea. Lakini saga nacho hakina mwenzi, na hapo ndipo msamiati wa kawaida na sayansi vinapoachana.

Istilahi mbadala nazo hazisaidii. Badiliko la kiumbo humfanya mwanafunzi afikirie sura tu. Badiliko la kimaumbile lina hatari zaidi, kwa kuwa maumbile ni pia hali ya asili. Na kuvunda kwa kahawa, ambako ni badiliko la kikemia, ni kwa asili kabisa.

Wapo watakaosema kwamba huu ni udhaifu wa Kiswahili. Hoja hiyo haina msingi. Kanuni hiyo hiyo hufundishwa kwa Kiingereza pia, nayo hukosea vilevile. Zaidi ya hayo, neno kazi lilikuwa la mkulima kabla halijawa la mwanafizikia. Fasili ndiyo iliyolitia nidhamu.

Kinachotakiwa, kwa hiyo, si neno jipya bali kigezo sahihi: badiliko la kifizikia ni lile ambalo dutu hubaki ile ile; la kikemia ni lile linalozaa dutu mpya. Kurejea au kutorejea kubaki dokezo, kusiwe fasili. Jambo hili si dogo. Mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali Oldeani hujifunza sayansi kwa Kiswahili, kisha hukutana na kemia ya sekondari kwa Kiingereza. Akivuka na dhana potofu, lugha mpya haitamsahihisha; itampa tu maneno mageni ya kulificha kosa la zamani.