Kikulacho ki nguoni mwako: riwaya ya ndugu wawili na vumbi la kazini

Wakaazi wa Unguja wanajua ufukwe unavyokuwa baada ya watu kwenda mandari. Pilau limeliwa, watoto wamecheza, magari yamerudi mjini. Chini ya mivinje zimebaki chupa, makaa, vifuko vya biskuti na pengine betri za redio. Kunguru na sisimizi ndio wanaochambua kilichobaki, bila ya kujua kipi ni chakula na kipi ni sumu.

Picha kama hiyo imo ndani ya riwaya mashuhuri ya kubuni ya kisayansi iliyoandikwa na ndugu wawili wa Urusi, Arkady na Boris Strugatsky. Ilichapishwa kwanza katika jarida mwaka 1972. Kwa Kiingereza inaitwa Roadside Picnic, yaani mandari kando ya njia. Arkady, mkubwa, alikuwa mfasiri wa Kijapani. Boris, mdogo wake, alikuwa mtaalamu wa nyota. Mmoja aliishi Moscow na mwengine Leningrad, na wakikutana walikaa pamoja wakiijadili kila sentensi mpaka wakubaliane.

Katika hadithi yao, wageni kutoka anga za mbali wamefika duniani kwa muda mfupi, kisha wakaondoka bila ya kusema na mtu. Nyuma yao wameacha maeneo yaliyojaa vitu vya ajabu na vya hatari. Maeneo hayo yamefungwa, lakini wapo wanaume wanaoingia usiku kwa kificho, wakatoka na vitu hivyo na kuviuza. Mmoja wao ni Redrick Schuhart. Ana mke, Guta, na binti mdogo. Binti huyo amezaliwa na manyoya ya rangi ya dhahabu mwilini, na kila akikua anazidi kupoteza maneno na fahamu za kibinadamu.

Kila msomaji na jicho lake

Riwaya hii imepokewa kwa namna nyingi. Wahariri wa Kisovieti waliona ina lugha chafu na ukatili mwingi. Boris alieleza baadaye kwamba mvutano wa kuitoa kama kitabu ulichukua kiasi cha miaka minane, mpaka 1980. Stanisław Lem, mwandishi mkubwa wa Poland, alivutiwa na jinsi ndugu hao walivyoliacha fumbo la wageni bila ya jibu. Andrei Tarkovsky aliitengenezea filamu mwaka 1979, iitwayo Stalker, jina wanaloitwa hao wanaoingia kwa kificho. Katika filamu yake binti hana manyoya, ila hawezi kutembea, na baba humbeba mabegani.

Kisha maisha yakaifuata hadithi. Tarehe 26 Aprili 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, ulilipuka, na eneo la kilomita 30 kuuzunguka likafungwa. Watu wanaoingia humo kwa siri walianza kujiita kwa jina lile lile la kwenye riwaya. Mwaka 2007 ukatoka mchezo wa kompyuta wenye jina hilo, na ndio uliowafikisha vijana wengi kwenye kitabu. Mzazi mwenye kijana anayependa michezo ya kompyuta huenda ameshalisikia.

Vijana hupenda hatari na maajabu. Wahakiki hubishana kuhusu wageni wa angani. Lakini mzazi akiisoma, macho yake huganda kwa yule mtoto. Baba hakwenda kutafuta maajabu. Amekwenda kutafuta fedha za kulisha nyumba, na amerudi na kitu ambacho hakukikusudia.

Kipi cha kubuni, kipi cha kweli

Manyoya ya dhahabu ni ya kubuni. Utafiti wa miaka mingi kwa watoto waliozaliwa na manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, mimba zao zikiwa zimetungwa baada ya mabomu, haukuonesha ongezeko la wazi la maradhi ya kurithi. Baada ya Chernobyl, watoto wengi waliugua saratani ya tezi ya shingo, na sababu kubwa ilikuwa ni maziwa waliyokunywa, yaliyotoka kwa ng'ombe waliokula majani yenye mionzi.

Kwa hiyo waandishi walikosea njia, lakini hawakukosea mwisho wake. Sumu ya kazini humfikia mtoto kweli. Hupitia tumboni mwa mama mjamzito, katika maziwa, katika chakula, na katika nguo za mzazi anaporudi nyumbani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa wenye kazi fulani, hilo ni kweli neno kwa neno.

Mfano ulio karibu nasi ni madini ya risasi, yanayojaa ndani ya betri za magari. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne mpaka tano zaidi ya mtu mzima. Huharibu ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia skuli, na huleta upungufu wa damu. Hujificha katika mifupa kwa miaka, na mwanamke akibeba mimba huweza kutoka huko na kumfikia mtoto tumboni.

Mombasa wameyaona. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi jirani na nyumba za watu mpaka mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mdogo ana sumu ya risasi mwilini. Alianza kudai haki za wakaazi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi wapatao 3,000 walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2024 iliwapa ushindi wakaazi.

Nyumbani kwetu

Unguja si lazima kuwe na kiwanda. Yupo fundi anayefungua betri mbovu uani. Yupo kijana anayekusanya vyuma chakavu na kuvilimbika nyuma ya nyumba. Yupo mvuvi anayeyeyusha risasi kwenye sufuria ili apate chubwi za mishipi yake, na watoto wamemzunguka wakitazama. Wote wanatafuta riziki ya halali. Hakuna anayekusudia kumdhuru mwanawe.

Yapo mambo ambayo hayana gharama kubwa:

Risasi isiyeyushwe jikoni wala uani wanakocheza watoto, na sufuria iliyotumika isirudi kupikia chakula hata ikisuguliwa.

Nguo na viatu vya kazi vibaki kazini au nje ya mlango. Zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi na nguo za watoto. Baba akoge kabla ya kumpakata mtoto, hata kama mtoto anamlilia mlangoni.

Nyumba yenye vumbi la namna hiyo ipigwe deki kwa maji. Kufagia pakavu hulirusha vumbi hewani. Watoto wanawe mikono kabla ya kula na kabla ya kulala.

Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama maziwa, dagaa, maharage na mchicha, husaidia mwili wa mtoto kufyonza risasi kidogo zaidi. Lakini chakula hakiondoi sumu iliyokwishaingia.

La mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu linagusa heshima ya mtu. Mtoto mwenye risasi mwilini mara nyingi haoneshi dalili. Akionesha, huwa ni tumbo kuuma, kukosa choo, kukasirika ovyo, au kuchelewa kusema. Daktari anaweza kudhani ni minyoo au malaria. Kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha, na hakuna atakayefikiria kukiomba ikiwa hajaambiwa baba au mama anafanya kazi gani.

Schuhart aliificha kazi yake kwa sababu ilikuwa kinyume cha sheria. Fundi betri na mvuvi hawana la kuficha. Siku mtoto anapopelekwa kituo cha afya, pamoja na kadi yake ya kliniki, mama au baba amwambie daktari bila ya kusubiri kuulizwa: nyumbani kwetu tunafungua betri, au tunayeyusha risasi. Sentensi hiyo moja inaweza kumpatia mtoto kipimo anachokihitaji.