Binti Asiyeona Naye Aandikiwe

Mwaka 2010 mwandishi wa Kimarekani, April Henry, alitoa riwaya ya vijana iitwayo Girl, Stolen. Mhusika wake mkuu ni Cheyenne, msichana wa miaka 16 ambaye haoni. Amelala kiti cha nyuma cha gari, anaumwa kichomi, na mama yake wa kambo ameingia dukani kumchukulia dawa. Mara gari laibwa naye yumo ndani. Mwizi mwenyewe ni kijana tu, wala hakujua kuwa mna mtu. Kuanzia hapo msomaji hapumui. Binti hana macho, lakini ana masikio, ana pua, ana vidole, na zaidi ya hayo ana akili, na kwa silaha hizo anaipigania roho yake.

Sikitaji kitabu hiki kwa kuwa ni kilele cha fasihi. Ni hadithi ya kusisimua, ya kumalizwa kwa usiku mmoja, na baadhi ya mambo yake yanukia sinema: babake binti ni mkubwa wa kampuni mashuhuri ya viatu! Nakitaja kwa sababu Cheyenne ni msichana kwanza, na upofu wake wafuata nyuma. Huogopa, hukasirika, hudanganya inapombidi. Kwetu mambo ni kinyume. Katika ngano zetu, na hata katika hadithi za leo, asiyeona aghalabu ni ombaomba aliyeketi penye kivuli, au ni mzee wa hekima anenaye kwa mafumbo, au ni mtu aliyeadhibiwa kwa dhambi zake. Kipofu wa namna hiyo hapigi hata chafya. Hana miaka 15, hagombani na dada yake juu ya mtandio, wala hapendi wala hapendwi.

Na ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani, tuliolelewa chuoni tangu utotoni, tungekuwa wa kwanza kulijua hili. Nani asiyekijua kisa cha Abdallah bin Ummi Maktum, ambaye kwa ajili yake iliteremka Sura Abasa? Alikuja kutafuta elimu wakati Mtume (S.A.W.) yumo katika mazungumzo na wakubwa wa Makureshi, na lawama ikashuka kutoka mbinguni kwa kuwa alikunjiwa uso. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akiadhini Madina pamoja na Bilali, na ndiye aliyeachiwa mji Mtume alipotoka safarini. Hakuja kuomba sadaka, alikuja kusoma. Karibu na zama zetu yuko Taha Hussein wa Misri, aliyepoteza macho akiwa mtoto mdogo, akasoma Al-Azhar, akaandika maisha yake mwenyewe katika Al-Ayyam, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu. Lakini hao ni wanaume. Binti je?

Sasa nieleze kwa nini naitaka riwaya hii iandikwe kwa Kiswahili, na kwa nini ningependa mahali pake pawe Mlolongo. Si Lamu, si Mji wa Kale. Mlolongo, huko Machakos, kilomita 20 hivi kutoka Nairobi, penye mizani ya malori yatokayo bandarini kwetu. Pana wana wa pwani huko, wapende wasipende, maana barabara ndiyo iliyowapeleka. Tumchukulie binti wa miaka 15, babake dereva wa lori, mamake mtu wa Kisauni. Haoni. Lakini kwa mlio wa breki hulijua lori lililopakiwa na lililo tupu. Huzisikia ndege zishukazo uwanja wa Nairobi, na juu yake magari yapitayo ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022. Nyumbani mama humwita "ndoo hapa" kwa Kimvita chake. Nje wauza mboga wasemezana Kikamba, na vijana wa bodaboda wana sheng yao. Mtu akitamka neno moja, binti amekwisha jua atoka wapi. Mwandishi wa Kimarekani hawezi kutuandikia haya. Masikio ya msichana huyu ni masikio ya Kiswahili.

Wala isitoshe kuitafsiri tu ile ya Marekani. Cheyenne ana mbwa wa kumwongoza njia. Sisi Mashafii, mbwa katika chumba cha binti? Jambo hilo peke yake lingezua sura nzima ya riwaya, na ingekuwa sura ya kuchekesha. Kwetu anayeongoza njia ni mdogo wake mtu. Ndugu wa miaka minane au tisa hushikwa bega asubuhi na jioni, dukani, chuoni, kwa jirani, na mpira wa wenziwe akausikia kwa mbali. Hapo pana hadithi ambayo hakuna aliyeisimulia: kijana aliyegeuzwa macho ya mwenziwe bila kuulizwa, na dada ajuaye kuwa ni mzigo, akatamani fimbo yake mwenyewe nyeupe atembee peke yake.

Lakini fimbo ataipata wapi, na nani atamruhusu? Hili ndilo linalonikera. Tuna neno letu zuri, kusitiri. Twalitumia kwa heshima, kisha chini ya kivuli chake twamfungia binti ndani tukisema twamlinda. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu tangu mwaka 1946, na Likoni pia iko shule. Mzazi Mwislamu husita kumtia bintiye bweni la wamisheni, na kusita huko nakuelewa; ila miaka yapita, na binti akaketi nyumbani akichambua mchele kwa vidole. Posa hazimjii, kwa kuwa hakuna amjuaye. Twasema hujafa hujaumbika, lakini twasema hivyo kwa kujionea huruma sisi wenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Wakenya zaidi ya 330,000 wenye shida ya kuona. Hawawezi kuwa wote ni wazee.

Iko haja ya kugusa na lugha. Wapo wasemao neno kipofu litupwe kwa kuwa limo pamoja na kiti na kikapu, na badala yake tuseme asiyeona. Mimi sina ugomvi na jina lolote. Wasema Kiswahili wenyewe husema kipofu amekuja, hawasemi kimekuja. Wamekwisha mhesabu mtu. Wanaomtoa katika watu ni wale wanaomwandika kama fumbo.

Na tuseme riwaya imeandikwa, imechapwa, ina jalada la rangi. Binti wa Mlolongo ataisomaje? Ukurasa mmoja wa chapa ya kawaida huweza kuwa kurasa mbili au tatu za nukta nundu, na karatasi yake ni nene, basi kitabu kidogo huwa mafungu kadhaa mazito. Vitabu vya mtihani ndivyo vinavyotangulizwa. Hadithi ya kujifurahisha yasubiri. Lakini kisingizio cha haki za mwandishi hakipo tena. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, waruhusu kitabu kigeuzwe nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona bila kumngoja mwenye haki atoe idhini. Basi mchapishaji atakayeipokea riwaya hiyo aipeleke nakala yake ya kompyuta kwenye Taasisi ya Wasioona ya Kenya, hapo hapo Nairobi, siku ile ile anapoipeleka kwa mpiga chapa.