Barabara ya asili nayo ina gharama zake

Nimepotea kidogo, mniwie radhi. Nilikuwa Kilwa Masoko, na safari hii haikuwa ya kazi. Bi mkubwa ana kiwanja huko, kwenye mradi wa mtu binafsi wa viwanja vilivyopimwa. Magoti yake hayawezi tena safari ndefu ya basi, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwakilisha kwenye kikao cha wenye viwanja. Ajenda ilikuwa moja tu: barabara za ndani ya mtaa wetu ziwekwe nini?

Msidhani ni jambo dogo. Tulianza saa nne asubuhi, na adhuhuri ikatukuta bado tunabishana chini ya mwembe.

Kulikuwa na kambi tatu. Wa kwanza walitaka lami. Wa pili walitaka matofali ya pevingi. Wa tatu, wengi wao vijana wenzangu wa Dar, walitaka "muonekano wa asili": changarawe, nyasi katikati, minazi pembeni. Hoja yao ni kwamba mtu akishakimbia foleni za Mbagala, lami tena ya nini?

Niseme wazi, mimi niko kambi ya tatu. Lami hushika joto, na magari hukimbia hata pale watoto wanapocheza. Isitoshe, kutumia vitu vya mahali si ushamba. Ng'ambo tu hapo, Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Leo magofu hayo ni Urithi wa Dunia, UNESCO iliyaorodhesha mwaka 1981.

Lakini jamani, kilichonishtua ni kilichofuata. Mwenye mradi aliposikia neno "asili" uso wake ukang'aa. Akatoa makadirio papo hapo: greda lipite, kifusi kimwagwe, kazi imekwisha. Hakuna mitaro, hakuna makalavati, hakuna fungu la matengenezo. Na nusu ya kikao wakapiga makofi, maana bei ilikuwa ya chini!

Hapo nikaomba nafasi ya kusema. Nikawauliza, tumeshasahau Mei 2024? Kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara kuu ya Dar kwenda Lindi katika wilaya hii hii ya Kilwa, Somanga ikiwemo. Ile ni barabara ya lami, ya serikali, na bado abiria walikwama. Maji yakikosa pa kupita hayaangalii juu umeweka nini, yanakula tuta. Sasa kifusi chetu kisicho na mtaro kitapona vipi?

Barabara ya changarawe ni kazi ya ufundi, si kumwaga tu. Lazima iwe na mgongo, yaani katikati iinuke na kingo zishuke kama sentimita 5 kwa kila mita, ili maji yateremke mtaroni. Changarawe yenyewe iwe na udongo kidogo wa kuishikanisha, maana mchanga mtupu wa pwani haushikani. Imwagiwe maji, ishindiliwe kwa rola tabaka kwa tabaka. Na hata ukifanya yote hayo, kiangazi itapungua kwa vumbi na masika itapungua kwa maji. Kila baada ya muda unaongeza nyingine. Asiyetaka kuchangia matengenezo asiseme anapenda asili, aseme anapenda rahisi.

Tena njia ya kati ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Tanzania ilifanya majaribio kwenye barabara za wilaya, Bago–Talawanda kule Bagamoyo na Lawate–Kibongoto kule Siha. Mojawapo ya vilivyojaribiwa ni mikanda miwili ya zege, kila mmoja kwa tairi za upande wake. Kingine ni mawe yaliyopangwa kwa mkono. Kwa mtaa wetu, pale penye mteremko tuweke mikanda ya zege na nyasi katikati. Penye tambarare changarawe inatosha. Muonekano wa kijijini utabaki, na mama yangu atatembea bila kuteleza.

Kuna aliyependekeza tununue matumbawe ya kutoka baharini, eti yatapendeza kingoni. Hapana! Mwamba ule ndio makazi ya samaki, na majirani zetu ni wavuvi.

Na hao majirani ndio walionikosesha usingizi. Bondeni, chini ya viwanja vyetu, kuna nyumba za wenyeji waliokuwepo kabla yetu. Hawana kura kwenye kikao chetu. Mzee mmoja alikuja kusikiliza tu, akakaa pembeni na baiskeli yake. Tulipomkaribisha aseme neno, alisema, "Wanangu, mkichonga barabara mmechonga na mto." Akanyamaza.

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Maana mto huo utaishia sebuleni kwake, sio kwetu.

Kikao kiliahirishwa bila uamuzi. Pendekezo langu liko mezani: kwanza mitaro na makalavati, na maji yaelekezwe pasipo na nyumba ya mtu. Pili, mchango wa matengenezo wa kila mwaka uandikwe kwenye mkataba. Sura ya barabara tuijadili baada ya hapo. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta wenyewe ni wa jirani.

Jioni nilimpigia simu bi mkubwa kumpa ripoti. Hakuniuliza lami wala changarawe. Aliniuliza, "Wale wa bondeni mmewasikiliza?"

Nikamwambia mmoja, mama. Akasema kikao kijacho waitwe wote.

Nawasilisha. Mnaonaje wadau?