Siku Moja ya Magofu

Mwezi Februari mwanangu alirudi shule na karatasi ya kutiwa saini. Darasa lao lilikuwa linapelekwa kumwona mfalme aliyefukuliwa chini ya maegesho ya magari. Sisi wa Leicester habari hii tumeizoea hadi haitushtui: Richard wa Tatu aliuawa vitani mwaka 1485, akazikwa harakaharaka katika kanisa la watawa, kanisa likavunjwa, mji ukajengwa juu yake, na mwaka 2012 wachimbaji wakamkuta chini ya lami, uti wa mgongo umepinda. Mwaka 2015 akazikwa upya kwa heshima zote katika kanisa kuu. Pale alipokutwa leo pana makumbusho. Nikatia saini, nikalipa, mtoto akaenda, na kwa wiki nzima mezani kwetu haukuliwa wali bila Richard.

Nasema haya bila kinyongo. Wenyeji wetu wanajua kutunza, na wanajua kuuza tiketi. Niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Mimi ni mtu wa Tanga. Ukitoka Tanga mjini kuelekea Pangani, kilomita kama 17 hivi, unapita Tongoni: msikiti wa mawe uliobaki kuta, na makaburi ya kale, mengine yenye nguzo, ya mji uliostawi karne ya 15. Jina lenyewe linajieleza, kwa kuwa tongo ni mahame, mahali palipohamwa na watu. Nimepita pale kwa basi labda mara mia. Shuleni, kwa shangazi, kwenye harusi, kwenye misiba. Sikuwahi kushuka.

Likizo zetu tunazijua wenyewe. Unafika na masanduku mawili ya zawadi, siku mbili zinaliwa na foleni za Dar es Salaam, kuna harusi ambayo kamati imekusubiri wewe na mchango wako, kuna mgonjwa wa kuonwa, kuna kiwanja cha kukaguliwa kama bado hakijauzwa na mtu mwingine. Ikibaki siku, watoto wanapelekwa ufukweni wapate picha. Magofu? Safari ijayo, inshallah.

Safari ijayo ilinitia adabu tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo sehemu kubwa ya Beit al Ajaib pale Forodhani iliporomoka, mafundi wakiwa kazini kuikarabati kwa fedha za Oman, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, baada ya kuiona Bombay akiwa uhamishoni na Ulaya akiwa ziarani, akataka na Unguja iwe na lake. Likanusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, vita vilivyokwisha kabla chai haijapoa. Baadaye watu walikuwa wakilisimulia kwa taa zake za umeme na lifti yake. Nilipokuwa msichana, kila nilipokwenda Unguja nilikaa kivulini chini ya roshani zake nikila urojo. Wakati huo ndani palikuwa na makumbusho, na katikati ya ukumbi mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Sikuingia. Nilikuwa na njaa, na jumba nilijua halikimbii.

Basi mwezi Julai uliopita tulikwenda Kilwa. Tulitoka Dar alfajiri kwa basi: mimi, mwanangu, na mjomba wangu mwenye miaka 71, aliyekubali safari kwa sharti moja, kwamba akae dirishani. Daraja la Rufiji, mikorosho, kisha Nangurukuru, ambapo njia ya Kilwa inaachana na ya Lindi. Kilwa Masoko unakata kibali kwanza ndipo uvuke. Usianzie ufukweni ukarudishwa kama tulivyorudishwa sisi. Kisha mashua na upepo wa kusi, na ukuta wa Gereza ukaanza kukua mbele yetu.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa hapohapo kisiwani. Alimwamkia mjomba, akambeba mkoba, na tangu hapo mimi sikuwa na mamlaka yoyote juu ya safari ile. Akaanzia na Gereza. Wareno walipoipora Kilwa mwaka 1505 walijenga ngome, na hii tunayoiona leo zaidi ni kazi ya Waomani wa baadaye. Neno gereza lenyewe tuliwachukulia Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Mjomba alicheka hadi akalazimika kukaa juu ya jiwe.

Msikiti Mkuu uko hatua chache tu. Upande wa kaskazini ni wa karne ya 11, na ule mkubwa wa kusini, wenye makuba, ni upanuzi ulioanzishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14. Sehemu ya kale haina paa. Juu ni mbingu. Hata hivyo mjomba alivua ndala zake penye kizingiti, wala hakuna aliyemwambia avue. Mwanangu akamtazama, akainama kufungua kamba za raba zake.

Nataka nikae kidogo kwenye jiwe, kwa sababu jiwe ndilo lililomshika mtoto. Miji yetu ya pwani ilijengwa kwa matumbawe. Tumbawe likitolewa baharini bichi ni laini, linachongeka karibu kama mti. Likishapigwa hewa linakuwa gumu. Hilo ndilo la mihrabu na miimo ya milango. Kuta ni matumbawe ya nchi kavu yaliyofungwa kwa chokaa, na chokaa nayo ni matumbawe yaleyale yaliyochomwa kwenye tanuru la kuni. Dari ni boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, ndiyo maana nyumba za kale kuanzia Lamu hadi Kilwa zina vyumba virefu vyembamba. Mwanangu aliweka kiganja ukutani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa, akasema, "Mama, jiwe lina maua." Kweli. Kila jiwe limejaa vijinyota, makazi ya vidudu vya bahari vilivyokufa kabla ya mji wenyewe kuzaliwa. Kijana akatuonyesha mahali palipozibwa zamani kwa saruji na mahali palipozibwa kwa chokaa. Penye saruji, ukuta wa pembeni ulikuwa unamomonyoka. "Saruji haipumui," akasema, na mjomba, aliyepaka nyumba yake saruji ndani na nje, akanyamaza kwa muda mrefu.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na msikiti, juu ya jabali linaloitazama bahari. Ni kasri la vyumba zaidi ya 100, la zama za sultani huyohuyo, na ndani yake kuna bwawa la kuogea la pembe nane. Tulilikuta na majani makavu na kinyesi cha mbuzi. Tukakaa ukingoni tukala chapati tulizofungasha, na hapo nikamsimulia mwanangu habari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Alimkuta sultani akiitwa Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ijumaa moja baada ya sala fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akaona haya, akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu jambo hilo, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ningeweza kukatisha hadithi kwenye nguo. Wengi tunakatisha hapo, na sisi wahariri ndio wa kwanza. Lakini mtoto aliyefundishwa Leicester kwamba mfalme alishutumiwa kuwaua watoto wa kaka yake anaweza kuhimili kusikia kwamba bwawa hili zuri lilijengwa katika mji ambao binadamu walitolewa kama zawadi. Aliuliza, "Hao ishirini walitoka wapi?" Ni swali bora kuliko lolote nililouliza mimi nikiwa na umri wake. Tukazungumza pia juu ya dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe ikapita Sofala hadi hapa, na sarafu ya sultani huyu iliyokutwa Zimbabwe Kuu, na zile tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ambazo wataalamu wanazibishania hadi leo.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, bahari ikiula ufuko na kuta zikianguka, na mwaka 2014 zikatolewa humo baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Beit al Ajaib ilianguka, Kilwa iliponyoka. Bado iko, na watu wanaishi humo, na watoto wanacheza mpira karibu na makuba.

Kwingine nitapita mbio. Fort Jesus ya mwaka 1593 haihitaji kupigiwa debe. Gedi iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2024, na ukienda nenda asubuhi kabla ya mabasi ya hoteli za Watamu; nyumba zake zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake, na mimi bado namfikiria mtu aliyeacha mkasi wake. Wanaokwenda Kizimkazi kuangalia pomboo wateremke Dimbani: ule msikiti wa bati usioonekana kitu una maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, na bado unasaliwa, kwa hiyo ombeni ruhusa na mvae ipasavyo. Mwenye siku moja tu kutoka Dar aende Bagamoyo, na asirudi bila kufika Kaole.

Lalamiko moja. Penye lango fulani, ambalo silitaji, mkatisha tiketi alitazama pasi mbili nilizompa. Yangu ya Tanzania: bei ya mwananchi. Ya mwanangu ya Uingereza: bei ya mgeni, mara kadhaa ya yangu. Mama mwananchi, mtoto mtalii, na jina la ukoo ni moja. Nilianza kupandisha sauti. Mjomba akanivuta mkono. "Lipa, mwanangu. Huyu kijana siye aliyeiandika hiyo sheria." Nililipa, lakini nanung'unika hadi leo, na najua wengi wenu mtanisaidia kunung'unika. Tengeni fedha hiyo mapema ili ugomvi usiwaharibie siku.

Kwa ajili ya toleo letu la Septemba tunaomba kila familia itakayokwenda nyumbani mwaka huu itenge siku moja, mahali pamoja, na ikiwezekana mzee mmoja. Si lazima pawe UNESCO. Boma la Mjerumani lililogeuzwa ofisi ya wilaya, stesheni ya reli, kaburi la babu wa mtaa. Mtuletee picha moja na aya mbili, na watoto waandike wenyewe, hata kwa Kiswahili cha kuchechemea. Hatutasahihisha zaidi ya herufi. Picha za hotelini tunazo za kutosha.

Mimi zamu yangu ni Agosti. Nimempigia dada yangu Tanga anitafutie gari Jumanne moja, tuondoke asubuhi, tushuke Tongoni, tukae mpaka jua litakapokuwa kali. Simu ilikaa kimya nikadhani mtandao umekatika.

"Tongoni?" akasema hatimaye. "Kuna nini Tongoni?"