Tuisheni Mpaka Jumapili?

Siku hizi wapo wazazi wanaosema eti mtoto aachwe ajifunzie nyumbani, shule ya nini! Tusidanganyane: Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifika umri wa shule aandikishwe. Lakini saa za nyumbani je? Mkuyuni, kule Uluguru, nilimkuta binti wa darasa la tatu akianika pilipili manga na bibi yake. Akanieleza, wala sikumuuliza, kwamba huchumwa zikianza kuwa nyekundu, na gome la mdalasini hubanduka vizuri wakati wa mvua. Nikanunua, chenji akanirudishia sahihi, tena chapuchapu! Hakuna aliyemkalisha akamfundisha, alikuwepo tu. Sasa wewe baba unayelipia tuisheni mpaka Jumapili, mwanao anakuwepo saa ngapi?